Mfereji, Mtungi na Mbu wa Ng'ambo

Kila alfajiri pale Changamwe kuna makanga anayeita "Port Reitz! Port Reitz!" kwa sauti ya kuamsha mtaa, na hakuna abiria anayesimama kuuliza Reitz alikuwa nani. Kwetu ni jina la steji, na jina la hospitali. Lakini Reitz alikuwa mtu, luteni wa jeshi la majini la Uingereza. Mwezi Februari 1824 Wamazrui, waliokuwa wakitawala Mombasa na wakimhofia Sayyid Said wa Oman, waliomba ulinzi wa Waingereza, na nahodha William Owen akaukubali mji chini ya bendera yake. Owen alipong'oa nanga alimwacha John James Reitz ausimamie. Reitz hakumaliza miezi minne. Alisafiri kusini kuelekea Pangani, homa ikamshika, na mwezi Mei mwaka huo huo akafa. Mkono wa bahari ulioko ubavuni mwa Changamwe ukabaki na jina lake. Kwa hivyo ndiyo, hospitali ile ina jina la mtu aliyeuliwa na homa.

Vuka sasa upande wa Kisauni. Mwezi Mei 1844 mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alihamia Mombasa na mkewe Rosine, aliyekuwa mjamzito. Kufika Julai wote wawili walikuwa kitandani, wanachemka. Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafa tarehe 13, na siku chache hazikupita mtoto naye akamfuata mamake. Walizikwa bara, upande ambao leo ni Nyali. Kaburi bado lipo, na ukitoka soko la Kongowea si mbali.

Hao ni wageni, na wageni walikuwa na kalamu. Watoto wa Kidigo, wa Kigiriama, wa Kiswahili, walikufa kwa homa hiyo hiyo miaka nenda miaka rudi, na hakuna ghuba iliyopewa majina yao. Ukitaka kuisoma historia yao huwezi kwenda makaburini. Itabidi ufuate maji: yalituama wapi, nani aliyaacha yatuame, na nani alilazimika kuyaweka ndani ya nyumba kwa sababu mfereji ulikuwa mkavu.

Sikuandika haya ili nikuambie ulale ndani ya neti. Hilo ushaambiwa tangu darasa la kwanza. Nataka tuulize swali ambalo mabango ya afya huliruka: kwa nini mbu wa Mombasa amependa sana ng'ambo? Kwa nini Likoni, Kisauni na Changamwe?

Hewa mbaya

Reitz na Rosine Krapf walikufa bila kujua walichofia. Neno lenyewe malaria ni la Kitaliano, maana yake hewa mbaya. Wazungu wa wakati huo waliamini kwamba mvuke unaotoka kwenye matope na majani yaliyooza ndio unaoleta homa, na ndiyo maana walipenda kujenga juu ya vilima au mahali penye upepo wa bahari. Walikosea sababu, lakini mara nyingi walipatia mahali. Pasipo na dimbwi hapana mbu wengi, na upepo mkali humpa mbu shida kuruka.

Watu wa pwani nao walikuwa na yao. Jioni makumbi ya nazi yalichomwa uani, moshi ukatanda mpaka macho yakawasha. Kivumbasi kilipandwa karibu na mlango. Mwenye uwezo alikuwa na chandarua, na asiyekuwa nacho alijifunika shuka gubigubi hadi utosini, joto au lisiwe joto. Kisha ukaja mti kutoka Bara Hindi, mchungu kuliko shubiri, na watu wakaupa jina la hesabu ya maradhi wanayoamini unayatibu: mwarobaini. Hakuna aliyekuwa na hadubini, lakini walijua kwamba usiku una kitu kinachouma na kwamba moshi hukifukuza.

Siri ilifichuka mbali na hapa. Tarehe 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad nchini India, daktari wa jeshi aitwaye Ronald Ross alimpasua mbu na kuona vimelea vya malaria ndani ya tumbo lake. Mwaka uliofuata Mtaliano Giovanni Battista Grassi na wenzake wakathibitisha kwamba mbu anayeambukiza binadamu ni wa jamii ya Anopheles, na ni jike peke yake, kwa sababu dume hanywi damu. Ross akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1902.

Reli ilikuja na mashimo yake

Sasa linganisha tarehe. Reli ya Uganda ilianza kutandazwa Mombasa mwaka 1896, mwaka mmoja kabla ya Ross kumpasua mbu wake. Ilivuka kutoka kisiwani kwa daraja pale Makupa, ikaingia Changamwe, ikapanda kwenda bara hadi ikafika Kisumu mwishoni mwa 1901. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kuijenga, na takriban 2,500 kati yao walikufa. Simba wa Tsavo ndio waliopata umaarufu na filamu. Lakini tangu miezi ya kwanza, mvua zilipopiga, wafanyakazi walilazwa kwa mamia, wakiumwa malaria, kuhara damu na vidonda. Simba ameua wachache mno akilinganishwa na mbu.

Reli haikubeba wagonjwa tu, ilichimba pia. Ili uinue tuta la reli lazima uchote udongo mahali fulani, na ulipochota unaacha shimo. Mvua ikija shimo linajaa maji safi yanayopigwa na jua, ambayo ndiyo hasa Anopheles gambiae anayatafuta ili atage. Barabara nazo zikafanya vivyo hivyo, na bandari ya Kilindini ilipopanuka. Kisha machimbo ya mawe ya matumbawe yaliyojenga nusu ya nyumba za mji huu: Kisauni na Jomvu bado kuna mashimo makubwa ambayo mvua ya masika huyageuza maziwa. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba malaria ni ya porini na maendeleo huifukuza, mwambie asubiri kwanza. Maendeleo yenyewe yamechimba mashimo mengi.

Palipo na kiwanda au bandari panahitaji watu, na watu wanahitaji pa kulala. Mji uliwataka mikono yao, haukuwataka majirani. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, wa bandarini wakiwemo, na serikali ikaunda tume kuchunguza hali zao. Malalamiko makubwa yalikuwa kodi za nyumba na msongamano, watu kulala kama samaki ndani ya pakacha. Miaka iliyofuata mitaa ya wafanyakazi ikazidi kusukumwa nje ya kisiwa: Changamwe, Chaani, Likoni, Kisauni. Nyumba zilitangulia, mitaro ikaahidiwa. Kuna mahali ambapo bado inaahidiwa.

Sheria ya viluwiluwi

Mwaka 1915 ilitoka ripoti ya Profesa W. J. Simpson kuhusu usafi katika miji ya Afrika Mashariki. Simpson alipendekeza kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mitaa tofauti, na katikati paachwe nafasi tupu. Sababu aliyotoa ni afya. Afrika Magharibi wataalamu wa malaria walikuwa tayari wamesema kwamba Mzungu akae mbali na watoto wa Kiafrika kwa sababu damu yao imejaa vimelea. Angalia ujanja uliopo hapo. Kuziba dimbwi kunamlinda kila anayelala karibu nalo. Kumhamisha Mzungu kunamlinda Mzungu peke yake, na dimbwi linabaki pale pale.

Mwaka 1921 ikaja Sheria ya Afya ya Umma, ambayo tunaijua kama Sura ya 242. Ina sehemu nzima inayohusu mbu. Inataka uwanja wa nyumba usiwe na chupa, makopo wala kitu chochote kinachoweza kushika maji. Inataka nyasi ndefu zikatwe, visima na matangi yafunikwe, mashimo ya maji machafu yawekewe wavu. Na ina kifungu kimoja ambacho nilipokisoma nilikirudia mara mbili: viluwiluwi wa mbu wakipatikana tu kwenye eneo lako, hilo peke yake ni kosa. Hakuna haja ya mtu kuugua.

Kwenye karatasi hiyo ni sheria nzuri. Shida yake ni inakoelekeza kidole. Inamuuliza mwenye nyumba au mpangaji kwa nini ana maji kwenye pipa. Haimuulizi mtu mwingine yeyote kwa nini pipa lilihitajika. Imehesabu viluwiluwi, haikuhesabu siku ambazo mfereji ulitoa upepo. Hilo ndilo jambo ambalo miaka mia moja baadaye bado linatutesa.

Mbu si mmoja

Kabla hatujaenda mbele, tutofautishe maadui. Tukisema "mbu" tunawaweka kapu moja, na wao hawaishi kapu moja.

Wa kwanza ni Anopheles, wa malaria. Anauma usiku, ananyamaza sana, na anapenda maji safi yaliyotulia: dimbwi la mvua, shimo la machimbo, kisima kisicho na mfuniko. Pwani yetu ina na ndugu yake, Anopheles merus, anayestahimili maji ya chumvi chumvi karibu na mikoko. Na katika miji mingi ya Afrika watafiti wameanza kumkuta Anopheles kwenye maji machafu, ambako zamani tulidhani hakanyagi.

Wa pili ni Culex. Huyu ndiye anayekupigia zumari sikioni saa tisa za usiku. Anazaana kwenye vyoo vya shimo, mashimo ya maji taka na mitaro iliyoziba. Haleti malaria, lakini pwani hii ndiye msambazaji mkubwa wa matende na mabusha, maradhi ambayo wazee wetu waliyabeba kwa aibu miaka mingi. Kuna kisa kizuri kutoka Makunduchi, Unguja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimwaga chembe za plastiki nyepesi, zile za kufungia redio mpya, ndani ya vyoo vya shimo. Chembe zikaelea na kuufunika uso wa maji. Culex hakupata pa kutagia, wala viluwiluwi hawakupata pa kuvutia pumzi, na mbu wakapungua kabisa. Pamoja na dawa ya kumeza, matende nayo yakashuka. Hapakuwa na mtambo. Palikuwa na mtu aliyejiuliza mbu huyu hasa anazaliwa wapi.

Wa tatu ni Aedes aegypti, mwenye miguu ya madoa meupe. Huyu anauma mchana, kwa hivyo neti yako ya usiku haimhusu. Na nyumba yake haiko msituni wala mtaroni. Anazaana ndani ya maji safi ya nyumbani: tangi, pipa, mtungi, tairi kuukuu, hata sahani ya chini ya chungu cha maua.

Ratiba ya maji, ratiba ya mbu

Maji ya Mombasa hayatoki Mombasa. Mji ulianza kwa visima vyake, ukategemea chemchemi za Marere kule Shimba Hills, na mwaka 1957 bomba la Mzima Springs likafika, kilomita zaidi ya 200 kutoka Tsavo Magharibi. Baadaye yakaongezwa maji ya Baricho, karibu na Mto Sabaki, na visima vya Tiwi kwa upande wa kusini. Ukiyajumlisha yote hayafiki hata nusu ya yanayohitajika. Likoni na Kisauni watu wamechimba visima vyao wenyewe, na wengi wanachota maji ya chumvi ya kuogea na kufulia, kisima kikiwa hatua chache tu kutoka choo cha shimo cha jirani.

Ndipo unakuja mtungi. Mishomoroni nilikokulia, maji ya mfereji yalikuwa mgeni wa usiku. Saa nane unasikia bomba linakohoa, mtu mmoja anapiga kelele "Maji yamekuja!" na plotini hakuna anayelala tena. Kila chenye mdomo kinajazwa: mitungi, mapipa, ndoo, masufuria, hata beseni la kuogeshea mtoto. Kukicha yamekatika, na hujui yatarudi lini. Pengine wiki ijayo. Yakichelewa, unamsubiri wa mkokoteni na unalipa kwa mtungi. Mtu wa kisiwani mwenye maji kila siku hana sababu ya kuweka mapipa sita uani.

Sasa sikiliza hesabu ya upande wa pili. Kwa joto la Mombasa, yai la Aedes linahitaji takriban siku 7 hadi 10 kuwa mbu anayeruka. Mayai hayo hubandikwa kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi bila kufa. Ukijaza tena, yanaanguliwa. Yaani mgao wa maji wa mara moja kwa wiki na maisha ya mbu vinaenda sambamba, kama vile vimepangwa ofisi moja. Na kumwaga maji peke yake hakutoshi, lazima kuta za pipa zisuguliwe. Umewahi kumwambia mama aliyenunua maji kwa pesa yake ayamwage? Jaribu uone utakavyoangaliwa.

Kidinga popo

Maradhi ya mbu huyu wa tatu yana historia ndefu ndani ya lugha yetu. Mwaka 1870 Zanzibar ilipigwa na homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo. James Christie, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi kisiwani, aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo, na kwamba wazee waliikumbuka homa kama hiyo ya mwaka 1823. Wapo wataalamu wa lugha wanaoamini kwamba neno dengue, linalotumika leo dunia nzima, lilipanda jahazi kutoka pwani hii ya Waswahili. Na wapo wanahistoria wa tiba wanaosema homa ile ya Zanzibar, kwa vile maumivu ya viungo yalivyodumu, huenda ilikuwa chikungunya.

Chikungunya nalo ni neno la kwetu, la Kimakonde, lenye maana ya kitu kinachokunja mtu. Ugonjwa ulitambuliwa kitaalamu mwaka 1952 na 1953 kwenye nyanda za juu za Makonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanzania. Zile ni nyanda zenye shida ya maji, na watu walikuwa wakiyaweka ndani ya nyumba. Unaona kisa kinavyojirudia?

Mwaka 2004 kililipuka Lamu. Watafiti walipopima damu waligundua kwamba karibu watu watatu katika kila wanne wa mji ule walikuwa wameambukizwa. Tena haikuwa baada ya mafuriko, ilikuwa wakati wa ukame. Visima vilipungua, watu wakaweka maji ndani, Aedes akapata karamu. Mwaka huo huo kikashuka hadi Mombasa. Mwaka 2013 ikaja dengi: watu walipopimwa nyumba kwa nyumba katika mtaa mmoja wa Mombasa, takriban 13 katika kila 100 walikuwa nayo au walikuwa wametoka kuugua. Na kati ya Desemba 2017 na mapema Februari 2018 chikungunya ikarudi Mombasa, wagonjwa zaidi ya 450 wakaripotiwa. Watu wazima walitembea wamejikunja kama wazee wa miaka tisini.

Kinachouma zaidi ni kwamba homa yoyote hapa kwanza huitwa malaria. Mtu anaenda dukani kununua dawa, anameza, hapati nafuu, anabadilisha dawa. Ugonjwa wa kwenye pipa unatibiwa kwa dawa ya ugonjwa wa kwenye dimbwi.

Ushindi nusu

Tuwe wa haki. Malaria yenyewe imepigwa, tena vizuri. Kati ya 1993 na 1995, hapo Kilifi, jirani zetu, majaribio ya neti zenye dawa yalionyesha kwamba vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa thuluthi moja. Mwaka 2006 Kenya iligawa neti milioni 3.4 bure. Klorokwini, ambayo vimelea vilianza kuizoea tangu mwisho wa miaka ya 1970, iliachwa mwaka 1998, na mwaka 2004 serikali ikachagua dawa za mseto zenye artemisinini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta vimelea kwa watoto 5 katika kila 100 ukanda wa pwani, ilhali ukanda wa Ziwa Victoria ni 19. Wodi za watoto zilizokuwa zikijaa kila baada ya masika zikapata nafasi ya kupumua.

Lakini pwani imewahi kushinda kabla ya hapa. Zanzibar ilipuliza dawa nyumba kwa nyumba kuanzia 1957, malaria ikawa chini sana, mradi ukafungwa 1968, na malaria ikarudi. Taveta na Pare, mpakani mwa Kenya na Tanganyika, zilipuliziwa dieldrin katikati ya miaka ya 1950. Aina moja ya mbu, Anopheles funestus, ikatoweka kabisa. Kupuliza kuliposimama, mbu wakarejea. Fundisho ni kwamba ukimfukuza mbu na usiondoe makao yake, umempa likizo tu.

Neti nayo ina mipaka ambayo si ya nyuzi. Mlinzi wa geti la Nyali hawezi kuvaa neti. Mvuvi wa Mtongwe, mama wa viazi karai wa Bombolulu anayefunga biashara saa tano za usiku, watu waliokesha matangani, foleni ya feri Likoni jioni, wote wako nje saa ambazo mbu yuko kazini. Na yule aliyerudi nyumbani analala chumba cha mabati kisicho na dirisha la maana, stima imekatika, feni imesimama. Akitoa mkeka akalala barazani usimwite mjinga. Amechagua kati ya mbu na kukosa pumzi.

Mgeni anayependa matangi

Sasa kwa nini haya yote ni ya leo na si ya makumbusho? Kwa sababu ukuta uliotulinda mjini umepata ufa.

Kwa miaka mingi mji ulikuwa na nafuu: mbu wa tangi alileta dengi, mbu wa malaria alibaki kwenye madimbwi. Halafu mwaka 2012 mbu aitwaye Anopheles stephensi akaonekana Djibouti. Huyu ni mbu wa malaria wa India na nchi za Ghuba, na anapenda matangi, mapipa na visima vya mjini. Zamani kule Bombay, mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ilihangaika naye kwa kulazimisha visima vifungwe, ikagombana na watu ambao visima vile vilikuwa sehemu ya ibada yao. Djibouti ilikuwa imekaribia kuimaliza malaria. Mwaka 2012 ilikuwa na wagonjwa 27. Mwaka 2020 wakapita 73,000.

Djibouti ni mji wa bandari. Una joto, umejaa, na watu wake huweka maji majumbani. Sisi je? Mbu huyo ameshapatikana kaskazini mwa Kenya, ikiwemo Marsabit. Upepo wa kaskazi umeleta jahazi kutoka Bara Hindi na Ghuba hadi Mombasa kwa zaidi ya miaka elfu moja, na leo makontena yanashuka Kilindini usiku na mchana. Akitia guu Changamwe hatahitaji kutafuta nyumba. Mapipa yanamsubiri, yamejazwa saa nane za usiku.

Kinga inajulikana, na si ya kombora. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2004, iliajiri wakaazi wa mitaa yenyewe wazunguke wakikagua kila maji yaliyotuama na kuyaandika, halafu wakatia dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi bila kumdhuru mtu. Malindi kuna kikundi cha wananchi kinachoitwa PUMMA, Punguza Mbu na Malaria Malindi, na watafiti waliokagua mji huo waligundua kwamba mabwawa ya kuogelea yasiyotunzwa ni miongoni mwa makao makubwa ya mbu. Yaani si pipa la maskini peke yake, hata jumba la kifahari lililofungwa mwenye nyumba akarudi Ulaya lina mbu wake. Kijana wa Bofu au wa Mtopanga anayekaa bila kazi anaijua mitaro ya mtaa wake kuliko ramani yoyote. Mlipe aikague.

Na wewe mwenye pipa, funika kwa kitambaa kilichokazwa vizuri, lisugue kuta kila wiki kabla hujajaza tena. Hilo liko mikononi mwetu, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini siku ofisa wa afya atakapobisha mlangoni na Sura ya 242 mkononi, akimulika tochi ndani ya pipa lako, mwonyeshe pia mfereji. Ufungue mbele yake. Muulize kama ukavu ule nao umeandikwa mahali, na kosa lake ni la nani.